Namna ya Kuwa Mhafidhina Mafia Bila Kumwita Polisi

Mwongozo huu ni wa watu wa aina yangu: tunaoamini kwamba mkubwa huamkiwa, posa hupelekwa na wazee, shamba la minazi la babu haliuzwi ili kununua pikipiki, na Ijumaa adhuhuri spika zote zinyamaze. Tupo wengi visiwani Mafia: Kilindoni, Kirongwe, Kanga na Chole. Chama chetu wenyewe hatuna, wala hatukitafuti. Tunachokosa ni utaratibu wa kuishi na muziki wa vijana, kwa sababu muziki huo haujawahi kutuomba ruhusa. Kila boti inayotoka Nyamisati inashusha Kilindoni saruji, unga, wageni wanaokuja kumtazama papa potwe, na wimbo ambao juzi haukuwapo. Wengi wetu wakiusikia hukasirika, na wakikasirika hukimbilia kwa mwenye mhuri waombe upigwe marufuku. Hilo ndilo ninalotaka tuliache.

Anza na masikio. Usilaani wimbo ulioupata kwa kusimuliwa. Nenda mwenyewe kwenye kibanda cha kuwekea nyimbo. Utakuta meza, kompyuta yenye kibodi iliyofutika herufi, kitambaa cha kuzuia vumbi kimefunika nusu ya kioo, nyaya zimefungwa kwa mpira wa tairi, na kijana amekaa juu ya kreti la soda. Atakuamkia, kisha atauliza, "Nikuwekee za nani, mzee?" Usijibu "za zamani". Mpe kadi ya kumbukumbu ya simu yako, mwambie akuchanganyie anavyosikiliza yeye. Sasa tazama anapozivuta: kaswida, taarabu, singeli, mawaidha ya sheikh, Bongo Fleva, halafu singeli tena, zote folda moja. Hakuzipanga hivyo kwa dharau. Mchana anasoma madrasa, usiku anakwenda harusini, na vyote viwili ni vyake.

Singeli ndiyo itakayokusumbua zaidi, kwa hiyo ipe muda. Ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale na mitaa ya jirani, kwenye sherehe za usiku kucha ziitwazo vigodoro, ambazo watu wa heshima walizipita mbali. Mapigo yake huvuka 200 kwa dakika. Mwanzo utasikia fujo. Vumilia mpaka wimbo wa tatu. Watengenezaji wake wa mwanzo walikuwa wakichukua vipande vya ala za taarabu, wakaviendesha mbio na kuvirudiarudia, kwa hiyo hicho kinanda kinachokimbia kama kimefukuzwa na nyuki ni kinanda kilekile kilichopigwa kwenye harusi ya mama yako. Juu yake kijana anapanga vina, anaeleza kodi ya chumba, rafiki aliyemgeuka, mama aliyemlea peke yake. Kuna matusi pia. Siyapendi, na tusi lililopangwa kwa vina mbele ya watoto linabaki kuwa tusi. Lakini sasa unaweza kusema ni wimbo gani wenye tusi na ni upi usio nalo, na huo ndio mwanzo wa kusikilizwa. Kijana anamjua mzee aliyesikiliza na anamjua aliyesusa.

Hatua inayofuata ni kuijua historia ya kile unachokiita cha zamani. Mhafidhina asiyejua mila yake ilikotoka anatetea kitu asichokifahamu. Chukua beni. Ilianza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka na pwani yote ikiwa na tarumbeta, sare na vyeo vya kijeshi vya kujipa, ikagawa miji kati ya Marini na Arinoti. Wazee wa wakati ule waliona vijana wanafuja mali na kuiga Wazungu. Leo mtu akipiga beni tunasema huo ndio utamaduni. Chukua Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Mwanamke wa ukoo usio na jina, anaimba mbele ya wanaume, tena anaimba kuhusu dhuluma za mahakamani! Wimbo wake kuhusu Kijiti ulihusu muuaji aliyeponyoka huku mashahidi wakiadhibiwa. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na sasa kila mtu wa heshima humtaja Siti anapotaka kuonyesha kwamba zamani kulikuwa na adabu. Mimi namtaja pia, ila namtaja mzima: adabu yake ilikuwa pamoja na ujasiri wa kumsema hakimu.

Halafu mipasho. Miaka ya 1990 kundi la TOT lilikuwa na Khadija Kopa, kundi la Muungano lilikuwa na Nasma Khamis Kidogo, na nchi nzima ilijua nani kamrushia nani neno. Waliozoea taarabu ya kukaa kwenye viti wakasema imekufa. Haikufa. Ilisimama ikacheza. Wanawake waliokuwa wakienda kutuza miaka ile, pesa mkononi na khanga kiunoni, leo ndio mama zetu wakubwa wanaomkaripia Zuchu kwenye televisheni, na Zuchu ni binti wa Khadija Kopa. Sisemi hivi kuwanyamazisha. Karipio la mama mkubwa ni sehemu ya muziki tangu muziki ulipokuwapo. Nasema hivi ili upime uzito: wanayoyaona kuwa mwisho wa dunia, bibi zao waliyaona pia, na dunia ikaendelea kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mtu wa kukaripia na mtu wa kucheza, nyumba moja.

Sasa nafika penye jambo lenyewe, na naomba unisikilize kwa makini, hasa wewe mwenzangu ambaye umeshaandika barua kwa mtendaji wa kata. Usikabidhi fimbo.

Kisiwa hiki kina sababu zake za kutoamini fimbo za wakubwa. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipogawana huku na kule, Mafia iliangukia kwa Wajerumani, na hakuna aliyekwenda Kanga kuuliza mtu. Januari 1915 Waingereza wakaiteka, wakaitumia kuiwinda manowari ya Königsberg iliyojificha delta ya Rufiji. Mwaka 1922 tukaunganishwa na Tanganyika, kwa karatasi tena. Bendera zote hizo zilipandishwa na kushushwa, na maulidi yaliendelea kusomwa. Hayakuendelea kwa amri ya gavana. Yaliendelea kwa sababu babu alimfundisha mjukuu kukaa sawa na kuitikia.

Baada ya uhuru tukaipata serikali yetu, nayo ikaanza kutulinda dhidi ya muziki na nguo. TANU Youth League, umoja wa vijana wa chama tawala, ilitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Ukiniuliza kama napenda sketi fupi au mkorogo, nitakwambia hapana, tangu asubuhi hadi jioni. Lakini soma kilichotokea. Kabla hata tarehe hiyo haijafika, Oktoba 1968, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wasichana Kariakoo na kwenye mabasi, yakawachania nguo. Hivyo ndivyo heshima ilivyolindwa: binti wa mtu kavuliwa nguo barabarani kwa jina la mila. Mila gani ya pwani inaruhusu mwanamume kumgusa binti asiye wake? Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akapiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Soul haipo tena kwenye madansi yetu, lakini ilikwisha kwa kuchokwa, kama muziki wote unavyokwisha, na waliovamiwa Kariakoo hawakusahau.

Kisha kuna habari ya mwanamuziki Remmy Ongala, ambayo mhafidhina yeyote anapaswa kuikalia kitako. Mwaka 1990 alitoa Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuhimiza kondomu. Radio Tanzania Dar es Salaam haikuupiga, na wakati ule redio ya huku bara ilikuwa hiyo moja. Sababu ilikuwa adabu. Lakini UKIMWI ulikuwa unawazika watu kila kijiji. Wimbo ukasafiri kwa kaseti, ukafika ulikotakiwa ufike, ila ukafika umechelewa na umevaa sura ya uhuni, badala ya kuingia nyumbani kwa mlango wa mbele na baba akaujadili na wanawe. Ninaamini katika ndoa na subira kuliko katika soksi. Ningependa kuusema msimamo huo mbele ya Remmy, hadharani, tujibizane. Marufuku ilinipokonya mimi pia nafasi hiyo.

Ya karibu zaidi unayajua. Machi 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake Wapo, Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia, kisha Waziri Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe, tena akashauri uongezewe maneno ya kuwataja wengine kama wakwepa kodi. Watu walishangilia. Mimi nilihuzunika siku zote mbili. Uhuru unaorudi kwa sababu mkubwa kaupenda wimbo unaweza kuondoka siku asiyoupenda. Mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, pamoja na BASATA zikafungia orodha nzima ya nyimbo, na kufikia Desemba Diamond Platnumz na Rayvanny walikuwa wamezuiwa kufanya maonyesho kwa sababu ya wimbo mmoja, Mwanza. Wimbo huo sikuupenda. Kwenye kibanda cha nyimbo ndio ulikuwa unaombwa kuliko yote, na kijana alinieleza sababu bila kusita: "Si wamesema tusiusikilize?" Machi 2024 ikawa zamu ya Zanzibar, baraza la sanaa la huko, BASSFU, likamfungia Zuchu miezi sita kwa alivyotumbuiza Kendwa. Kama alivuka mpaka wa adabu, wenye neno kwanza ni waliomlea na wanaolipa kiingilio. Baraza likishakuwa mama wa kila mtu, mama halisi anakaa kimya, na hicho ndicho ninachokiogopa.

Ukibaki na shaka, fikiria zamu yako ikifika. Pwani hii kuna ndugu zetu wa Answari Sunna wanaosema maulidi ni bidaa, na dufu msikitini ni jambo la kukatazwa. Wana hoja zao, wana vitabu vyao, na sisi tunao wetu, tunajibizana barazani tukiwa na kahawa. Nina hakika tutaendelea kujibizana. Lakini siku moja mmoja wao atakuwa na mhuri. Siku nyingine atakuwa nao mtu asiyeipenda dini yoyote. Amri utakayoiomba leo dhidi ya kigodoro ataikuta mezani, imeshachapwa, inasubiri jina tu. Kijiji kimoja huku kwetu wazee waliiomba ofisi kila sherehe imalizike saa nne usiku. Wakapewa. Mwezi wa Mfungo Sita ulipofika, watu wakiwa wamevaa kanzu na udi umeshafukizwa, akaja mtu wa ofisi na karatasi ileile. Maulidi ni ya usiku kucha. Karatasi haikujua tofauti, nayo haikuwa na kosa, iliandikwa hivyo.

Na 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima, haikuchagua ya kuzima. Singeli ilinyamaza, darsa za mashekhe zikanyamaza, mtoto aliye Muscat akashindwa kumjulia hali mama yake. Swichi ikiwa moja, wote tuko upande wake mmoja.

Wasomi wa uhafidhina wanalijua hili. Roger Scruton, mwanafalsafa Mwingereza, aliuponda muziki wa pop kwa maandishi makali, hata kundi la Pet Shop Boys likamshtaki kwa kashfa na kumshinda mwaka 1999. Lakini mtu huyohuyo alikuwa akienda Chekoslovakia kufundisha kwa siri kwenye madarasa ya majumbani, mpaka akafukuzwa nchini humo mwaka 1985. Serikali ya huko ndiyo iliyowafunga watu wa Plastic People of the Universe mwaka 1976, wanamuziki wa nywele ndefu ambao Scruton asingewaalika kwake chai. Kesi hiyo ndiyo iliyowasukuma mwandishi Václav Havel na wenzake kutoa tamko la haki za binadamu la Charter 77, Januari 1977. Mtu anaweza kuuchukia muziki na kumchukia zaidi askari anayekwenda kuuzima. Jifunze kufanya yote mawili kwa pamoja, inawezekana.

Kuhusu siasa na nyimbo zake, sina mengi. Lori la kampeni likifika uwanjani, nenda, cheza ukitaka, tangu enzi za Kapteni John Komba na TOT yake, CCM imejua kwamba watu hufuata ngoma. Kunywa maji yao. Kisha kiitikio kikiisha uliza kuhusu boti, bei ya nazi, na daktari wa Kilindoni. Rapa Professor Jay alishatufundisha mwaka 2001, kwa wimbo wake Ndiyo Mzee, jinsi ahadi zinavyosikika zikisemwa mfululizo, na miaka kumi na minne baadaye akaingia bungeni mwenyewe kwa Mikumi. Rapa mwenzake Mwana FA naye alichaguliwa mbunge wa Muheza mwaka 2020, na 2023 akateuliwa naibu waziri wa wizara inayosimamia sanaa. Nawaheshimu wote wawili. Nawaomba tu wakumbuke jinsi kalamu ya mwenye kibali inavyoonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Sheria ina mahali pake, sikatai. Baruti baharini inaua matumbawe na samaki wa kila mtu, na Hifadhi ya Bahari ilipoanzishwa mwaka 1995 wavuvi wetu wengi walitaka baruti ikomeshwe kwa nguvu. Mtu akipiga spika dirishani kwa mgonjwa, akimchezesha mtoto mdogo usiku, akimlazimisha binti apande jukwaani, mwite anayehusika, usichelewe. Hapo kuna aliyeumizwa. Kukerwa ni jambo jingine, na tiba yake ni ndefu na ya miguu.

Tiba yenyewe ni hii. Kwanza changia harusi. Asiyechanga hana neno kwenye kikao, na kwenye kikao ndiko ratiba ya usiku inakopangwa. Kisha mtafute mwenye muziki kabla hajafunga spika. Kwetu ni mpwa wangu, ana jenereta, spika nne alizozitengeneza fremu mwenyewe kwa mbao za mnazi, na besi inayotikisa vikombe kabatini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Leo mnafunga saa ngapi?"

"Tumeelewana saa tisa."

"Nyumba ya tatu kuna bibi hajalala toka juzi, kifua kinambana."

Akatazama upande ule, akamwita mwenzake, wakazigeuza spika ziangalie baharini. "Besi nitaishusha saa sita. Ila mjomba, zile nyimbo mnazopiga nyinyi za dufu, kwa nini hamji mapema? Mkija saa tano watu wameshachoka."

Alikuwa na haki, na tukalijadili palepale tukiwa tumesimama. Tatizo la dufu letu halikuwa spika zake. Madufu yenyewe yalikuwa yamelegea. Ngozi ya mbuzi ikizeeka, hata ukiiotesha moto dakika kumi inatoa sauti ya gunia, na ngozi mpya ilikuwa haijanunuliwa kwa sababu kila mtu alidhani mwingine atanunua. Mwalimu anayewafundisha watoto kuinama na kuinuka kwa pamoja, magoti yameshikana, mikono inapita juu ya sakafu kama mmoja, alikuwa hajapewa hata nauli ya bodaboda kutoka kijiji cha pili. Mzee anayelalamika kwamba watoto wameacha dufu na kukimbilia singeli aulizwe kwanza amemlipa nani. Kijana wa kibanda cha nyimbo analipwa kila siku, shilingi kwa shilingi, na watoto wale wale. Kwa hiyo unachokipenda kilipie: nunua ngozi, mpe mwalimu nauli na chakula, mwombe mtoto wa kibandani akurekodie kaswida za wanafunzi na aziuze bega kwa bega na singeli za Msaga Sumu, asilimia yake apate.

Tulivyokubaliana ni kwamba dufu lianze baada ya isha, lipewe kipaza sauti cha mpwa wangu bila malipo, mpaka saa nne. Kisha taarabu ya akina mama kwa saa mbili, wale wanaotaka kutuza watuze. Saa sita besi inashuka na vijana wanaendelea na mambo yao hadi saa tisa. Petroli ya jenereta, lita za mwanzo zinalipwa na wazee, zinazobaki na vijana. Bibi wa nyumba ya tatu aliulizwa kabla, akasema taarabu asipunguziwe.